Vuli ya Muscat Haina Mvua

Kuna swali nimekuwa nikilikimbia tangu Novemba ya mwaka jana. Niliulizwa na mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza katika shule moja ya serikali pale Bagamoyo, nikiwa fildi. Nimeona niliandike hapa kabla wenzangu mnaofuata hamjapangiwa vituo, maana najua na nyinyi mtaulizwa, na najua madesa tunayorithishana hayana jibu lake.

Ilikuwa wiki ya pili ya mwezi. Kidato cha Nne wako kwenye mtihani wa taifa, walimu wenyeji wamebanwa, na sisi wa fildi tumeachiwa Kidato cha Kwanza mikondo miwili kwa pamoja. Joto ni lile la pwani la kabla ya mvua, shati limeganda mgongoni tangu kipindi cha kwanza. Somo ni Jiografia, mada ni hali ya hewa. Nikachora duara ubaoni, nikaligawa vipande vinne: spring, summer, autumn, winter. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na nina hakika ndivyo mlivyofundishwa nyinyi. Na kwa kuwa Kiingereza bado kilikuwa kinawapiga chenga watoto wale, nikawa natafsiri pembeni kwa chaki ya rangi: summer ni kiangazi, winter ni kipupwe, spring ni masika, autumn ni vuli.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Ticha, kwa hiyo saa hizi Muscat ni vuli?"

Nikaangalia duara langu. Muscat iko kaskazini ya Ikweta, mwezi ni Novemba. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: "Ndiyo, vuli. Tena mwishomwisho wa vuli."

"Mbona mama yangu yuko huko, na jana kamwambia bibi hajaona mvua tangu afike?"

Darasa likacheka. Mimi nikatoa ile sentensi ambayo kila mwalimu anaijua: "Swali zuri, tutaliona kipindi kijacho." Kipindi kijacho nikaanza mada nyingine.

Ingeishia hapo nisingeandika. Lakini Ijumaa ile nikawapa jaribio, na moja ya maswali niliuliza Novemba ni majira gani hapa Bagamoyo. Nilitegemea "vuli", kwa hesabu ya chaki yangu ya rangi. Kijana mmoja, baba yake mvuvi, akaandika maneno mawili: tanga mbili. Sikuwahi kuyasikia. Mwongozo wangu wa kusahihishia haukuwa nayo. Nikapiga mkasi mwekundu, sifuri, nikasonga mbele. Alama zile zilikuwa zinaingia kwenye rekodi yake ya maendeleo, siyo za kuchezea.

Jumamosi nikashuka soko la samaki kutafuta kitoweo cha wiki. Bumu lilikuwa limeshakatika, kwa hiyo nilikuwa nasubiri mnada upoe nipate mafungu ya bei ya chini. Nikakaa karibu na mzee mmoja anayeshona wavu, nikamwamkia, shikamoo babu, marahaba mwanangu, tukaanza maongezi. Nikamuuliza, kwa kujifanya napitisha muda tu, tanga mbili ni nini.

Hakunicheka. Aliweka sindano ya wavu chini akaanza kunionyesha kwa mkono. Kusi, akasema, inavuma kutoka huku, inaanza karibu na Aprili na kutawala miezi ya baridi. Kaskazi inatoka kule, inashika Desemba hadi Machi. Katikati yake pana kipindi ambacho upepo mmoja unakufa na mwingine haujazaliwa. Hapo chombo kinaweza kwenda kusini na kingine kikaenda kaskazini siku hiyo hiyo, kila mmoja na tanga lake. Ndiyo tanga mbili. "Mwezi huu," akaniambia, "upepo hauna mwenyewe." Asubuhi unatoka bahari imelala kama uji kwenye sahani, adhuhuri wingu linakuja na upepo wa ghafla kutoka usikoutegemea. Akanitajia kwa mkono tu, akielekeza baharini, vijana ambao hawakurudi katika miezi kama hii.

Yaani kijana wangu hakuwa amekosea swali. Alikuwa amelijibu kuliko mimi niliyelitunga. Jina aliloandika ndilo baba yake analitumia kuamua kama leo anatoka au anabaki. Mimi nikampa sifuri.

Sasa tulichambue hili jambo kisomi, maana sisi ni wanaelimu na aibu peke yake haifundishi.

Bagamoyo iko kama nyuzi sita na nusu kusini ya Ikweta. Kusini, siyo kaskazini. Kwa hesabu ya duara la vipande vinne, Novemba kwa wenzetu wa nusu ya kusini ya dunia ni spring, siyo autumn. Kwa hiyo tukisema vuli ni autumn, tumekosea hata kwa kanuni za duara lenyewe: tumechukua mvua ya Oktoba hadi Desemba ya pwani yetu, tukaipa jina la msimu wa kupukutika majani wa Ulaya, kwa sababu tu miezi imefanana.

Vuli ni mvua. Ukiondoa mvua hakuna vuli. Na mvua hiyo ina sababu yake. Jua la saa sita linapita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka: mara moja karibu na tarehe 10 Oktoba likielekea kusini, na mara ya pili mwanzoni mwa Machi likirudi kaskazini. Ule ukanda ambako pepo za kaskazini na za kusini zinakutana na hewa kupanda unalifuata jua, ukichelewa kidogo nyuma yake. Ukipita kwetu kwenda kusini unatuachia vuli. Ukirudi unatuachia masika, Machi hadi Mei. Ndiyo maana ukanda wa pwani ya kaskazini, yaani Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Unguja na Pemba, una misimu miwili ya mvua, wakati ndugu zetu wa Dodoma na Mbeya wana msimu mmoja mrefu. Mwanafunzi anaweza kuliona hili bila kitabu. Simamisha kijiti uani wiki ya pili ya Oktoba, saa sita na dakika chache mchana, utaona kivuli kimekimbilia chini ya kijiti. Nimeisoma jiografia tangu Kidato cha Kwanza hadi chuo, na hakuna aliyewahi kuniambia nisimamishe kijiti.

Sasa Muscat. Mji ule uko zaidi kidogo ya nyuzi 23 na nusu kaskazini, jangwa na milima ya mawe nyuma, bahari mbele. Wastani wa mvua yake kwa mwaka hauzidi milimita 100 hivi. Dar es Salaam inapata zaidi ya milimita 1,000. Mvua chache wanazopata huja zaidi kati ya Desemba na Machi. Lakini mji ule una Novemba ya kweli, tena wanayoisubiri kwa hamu. Kuanzia Mei joto linaweza kuvuka nyuzi 40, watu wanaishi ndani na kiyoyozi, mtaani mchana hakuna mtu. Ikifika Novemba mchana unashuka hadi nyuzi 30 hivi na usiku unakuwa wa kupumua.

Haya sikuyapata kwenye kitabu kwanza. Jumatatu iliyofuata nilimwita yule binti, nikamwambia ukweli kwamba jibu langu lilikuwa bovu, na nikamwomba amuulize mama yake huko kukoje. Siku ya pili alikuja shuleni na bibi yake, maana simu ni ya bibi na bibi haiachii. Tukasikiliza sauti iliyorekodiwa, sisi watatu chini ya mwembe. Mama anafanya kazi za ndani. Alisema sasa anaweza kupanda kuanika nguo juu ya paa bila kandambili kuunguza nyayo. Alisema usiku anafungua dirisha la jikoni, na tangu alipofika hajawahi kulifungua. Alisema jioni watu wa mji wote wanatoka, wanatandika mikeka ufukweni na watoto. "Huku ndiyo kwanza watu wametoka nje," alimaliza. Hakuna jani lililopukutika katika maelezo yale, wala tone la mvua. Lakini yalikuwa maelezo ya msimu, kamili, kuliko duara langu.

Bibi akaniambia, kama anayejisemea, kwamba hajui mwanawe anakaa katika joto gani mpaka siku ile. Nilidhani tunafanya kipindi cha hali ya hewa.

Kuna kitu kingine nilikuja kukijua baadaye ambacho kinafurahisha. Waarabu nao wana neno lao la autumn, kharif. Lakini ukienda kusini ya Oman, Salalah, takribani kilomita 1,000 kutoka Muscat, kharif ni jina la msimu wa ukungu na manyunyu unaogeuza milima kuwa kijani kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Nchi moja, neno moja, hali mbili tofauti kabisa. Na unajua manyunyu yale yanaletwa na nini? Ni pepo zile zile za kusi zinazopita kwetu, zikivuka Ikweta zinapinda na kuingia Arabuni kutoka kusini-magharibi. Kisha mwaka unapogeuka, pepo za kaskazi zinarudisha safari. Ndizo zilizokuwa zinashusha majahazi kutoka Oman na Ghuba hadi Bagamoyo na Unguja kila mwisho wa mwaka, na kuyarudisha kwa kusi. Magofu ya Kaole, ambayo yana historia ya tangu karne ya 13, hayakujengwa pale kwa bahati. Yamejengwa na ratiba ya upepo. Kwa hiyo binti aliyeuliza kuhusu Muscat akiwa Bagamoyo alikuwa ameshika ncha mbili za kamba moja. Kazi yangu ilikuwa kuvuta tu, nikaiachia.

Najua mnachotaka kusema. Nimekisikia hosteli, nimekisikia kwa mwalimu mlezi wangu wa chuo.

La kwanza: mtihani. Mtihani ukiuliza misimu minne kwa Kiingereza, mtoto aandike tanga mbili apate sifuri kama ya kwako? Hapana. Duara la vipande vinne lifundishwe, tena vizuri, kwa sababu lina ukweli wake kule linakotoka, ambako siku ya Juni na siku ya Desemba zinatofautiana kwa saa nyingi. Kwetu tofauti hiyo haifiki saa moja. Ninachokataa ni kulitafsiri kama vile ni la hapa. Semeni autumn ni msimu wa kupukutika majani katika nchi za mbali na Ikweta, basi. Vuli iacheni iwe vuli. Mtoto anayejua kwamba ni vitu viwili atajibu mtihani wa Kiingereza vizuri kuliko anayedhani ni kimoja, kwa sababu hatashangaa kwa nini kitabu kinachora majani makavu wakati nje bomba la mvua linamwagika.

La pili ni zito zaidi, na aliyelisema ni yule yule mzee wa wavu. Kwamba majina haya ya zamani yenyewe hayaaminiki tena, siku hizi hujui tanga mbili inaanza lini wala vuli itakuja au haiji. Ni kweli. Vuli ni mvua ya kubahatisha kuliko masika, na inayumbishwa sana na joto la bahari. Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli inafura, kama 1961, 1997, 2019 na 2023. Ikigeuka kinyume, inakauka. Oktoba 2022 mimi nilikuwa Kidato cha Sita Dar es Salaam. Mto Ruvu ulipungua, jiji likaingia mgao wa maji, tukapanga foleni ya madumu bwenini kabla ya alfajiri. Ruvu unatoka milima ya Uluguru na unaingia baharini hapa hapa kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Kati yetu tuliokuwa kwenye foleni ile, wengi tulikuwa tunasoma Jiografia kwa ajili ya mtihani wa taifa. Sikumbuki hata mmoja aliyesema kwamba dumu lake tupu na mada ya hali ya hewa ni kitu kimoja.

Kwa hiyo hoja ya mzee hainiambii niache majina. Inaniambia majina peke yake hayatoshi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu wa vuli kabla msimu haujaanza, kwa Kiswahili, kwa kanda, na hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi kwa watu wa baharini. Ni andiko la jiografia la bure, jipya kila mwaka, linalohusu kijiji cha mwanafunzi mwenyewe. Katika wiki zangu zote za fildi sikuliona darasani, na kosa la kwanza ni langu mimi niliyekuwa na simu yenye bando mfukoni.

Na msidhani jangwani ndiko kuliko salama kwa kubahatisha. Tarehe 3 Oktoba 2021 kimbunga Shaheen kilipiga pwani ya kaskazini ya Oman, magharibi ya Muscat, mafuriko yakaua watu zaidi ya kumi katika nchi ambayo mvua ni habari. Sisi Mei 2024 tulipata kimbunga Hidaya, kitu ambacho pwani yetu haikukizoea kabisa. Watoto hawa wanakua katika bahari moja inayobadilika pande zote mbili. Wanahitaji maneno sahihi ya kuielezea, maana mtu asiye na jina la kitu hawezi hata kuona kimechelewa.

Sasa ninaomba nini? Siombi mtaala mpya, tuna mmoja tayari ulioanza kutekelezwa 2024 na unasema wazi unataka umahiri kuliko kukariri. Naomba mambo madogo ambayo yanawezekana hata kwa mwalimu wa fildi asiye na hela.

Ukifika kituoni, wiki ya kwanza, kabla hujaandika andalio la somo la hali ya hewa, nenda kaulize majina ya misimu ya mahali pale. Bagamoyo kuna wavuvi, kuna kina mama wa mwani kule Mlingotini wanaojua ni miezi gani maji ya moto yanaua zao lao, kuna watu wa mashamba ya chumvi ambao vuli kwao ni hasara kwa kuwa mvua moja inayeyusha kazi ya wiki, na kuna wakulima wa mananasi wa Kiwangwa ambao bila mvua hiyo hawana la kusema. Mvua moja, watu wanne, majibu manne. Ukipangiwa Sumbawanga au Ngara majina yatakuwa mengine. Yachukue.

Kisha kata chupa ya maji ya plastiki, igeuze mdomo, iweke uani, mtoto mmoja apime kila asubuhi saa moja kwa rula. Ukiondoka, waachie daftari. Na jumuiya yetu ya wanafunzi, ambayo kila mwaka inapigania posho ya fildi ifike mapema, na ipiganie pia siku moja ya maandalizi ambayo kila anayekwenda kufundisha anapewa utabiri wa msimu wa mkoa anaokwenda na muda wa kuusoma.

Kijana wangu wa tanga mbili nilimrudishia alama. Nilifuta mkasi mbele ya darasa, nikamwomba aeleze ubaoni, na akaeleza kwa dakika kumi, kwa mikono kama yule mzee, huku wenzake wakimsahihisha, kwani watoto wa wavuvi walikuwa wengi kuliko nilivyojua. Tulijaza ubao. Duara langu tuliliacha pembeni, tukaandika juu yake "Ulaya". Chini yake binti wa Muscat akaandika safu yake mwenyewe: Novemba, mama anafungua dirisha.

Vuli yenyewe ilichelewa. Ilinyesha siku tatu kabla sijaondoka, usiku, kwa kishindo, na asubuhi chupa yetu ilikuwa na milimita 31. Sikuwa na mwongozo wa kusahihishia hilo.